Mapengo 140: uchambuzi wa kisa cha jenomu ya kwanza ya bakteria

Tarehe 28 Julai 1995 jarida la Science lilichapisha mfuatano kamili wa DNA ya bakteria aitwaye Haemophilus influenzae: jozi za besi (herufi nne za DNA: A, C, G na T) 1,830,137 zilizofunga duara moja bila kukatika. Hiyo ndiyo ilikuwa jenomu (DNA yote ya kiumbe) ya kwanza ya kiumbe hai kinachojitegemea kusomwa yote. Hadi wakati huo vilivyokuwa vimesomwa kwa ukamilifu vilikuwa virusi, ambavyo haviwezi kuongezeka pasipo chembe hai ya kuvipokea, pamoja na DNA ndogo zinazokaa ndani ya sehemu za chembe kama vile mitokondria.

Kisa hiki kimezoea kusimuliwa kama habari ya mashine na kasi, na kwa maoni yangu masimulizi hayo yanakipunja. Mashine zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kwa kila aliyekuwa na fedha za kuzinunua, na kemia ya kusomea DNA ilikuwa ileile ambayo Frederick Sanger na wenzake wa Cambridge waliitangaza mwaka 1977. Kilichokuwa kipya ni mpango wa kazi: hatua ipi itangulie, kazi ipi ifanywe kwa mikono na ipi iachiwe kompyuta, na zaidi ya yote, nini kifanyike pale ambapo vipande vya DNA vimekwisha na duara bado halijafunga. Sehemu hiyo ya mwisho, ya kuziba mapengo, ndiyo nitakayoikalia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu bila hiyo kazi yote ingebaki kuwa rundo la vipande vyenye thamani lakini visivyo na umbo.

Bakteria na mtu aliyemjua

Richard Pfeiffer, mtaalamu wa Ujerumani, alimtenga bakteria huyu mwaka 1892 kutoka kwa wagonjwa wa influenza, akaamini kwamba amekipata chanzo cha ugonjwa. Ilipothibitishwa mwaka 1933 kwamba influenza huletwa na virusi, jina lilikuwa limeshakaa, na halikuondolewa. Hata hivyo bakteria mwenyewe si mpole. Aina yake ya b ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto wadogo, na mzazi wa Afrika Mashariki anayempeleka mtoto kliniki kupata chanjo ya pentavalenti, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2001, humkinga mwanawe dhidi ya bakteria huyuhuyu. Chanjo hiyo haikutokana na jenomu. Chanjo za aina hiyo zilikuwa zimeshaanza kutumika Marekani katika miaka ya 1980, na nalisema hili mapema ili jenomu isije ikasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Aina iliyosomwa ni Rd, ya maabara, ambayo haina lile ganda la sukari linaloipa aina ya b ukali wake. Ilichaguliwa kwa sababu Hamilton Smith wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliishi nayo kwa miaka mingi. Mwaka 1970 Smith na wenzake walitangaza kwamba wametoa ndani ya bakteria huyu kimeng'enya kinachoikata DNA mahali maalumu tu, palipo na mfuatano fulani wa besi, na kwa ugunduzi huo akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1978 pamoja na Werner Arber na Daniel Nathans. Kila maabara inayotumia kimeng'enya cha HindIII hadi leo inatumia kisu kilichotoka kwa bakteria huyu, na herufi nne za mwanzo za jina la kisu hicho zimechukuliwa kutoka katika jina lake.

Ramani kwanza, au la?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia iliyokubalika ya kusoma jenomu kubwa ilikuwa kuanza na ramani. Mtafiti aliikata DNA katika vipande virefu, akaviotesha ndani ya bakteria au hamira, kisha akatumia miezi, pengine miaka, kuvipanga vipande hivyo kwa jinsi vinavyopandana, hadi ajue kipi kinafuata kipi. Ni baada ya hapo tu ndipo alipokichukua kipande kimoja kimoja, akakivunja, akakisoma. Faida yake ni kwamba mtafiti hapotei: kila besi anayoisoma anajua inatoka mtaa gani wa kromosomu. Hasara yake ni kwamba ramani yenyewe hula muda mwingi kuliko kusoma, na jenomu ya E. coli, bakteria wa utumbo anayetumiwa sana maabara, ilikuwa ikisomwa kwa miaka kadhaa kwa hatua za namna hiyo bila kufika mwisho.

Njia ya pili ilikuwa kuivunja DNA yote kwa mpigo, kusoma vipande vidogo bila kujua vimetoka wapi, kisha kuvipanga kwa kulinganisha sehemu zinazofanana. Huitwa mbinu ya marisau, kwa kuwa vipande hutawanyika bila mpango kama marisau yatokayo katika mtutu wa bunduki. Haikuwa mpya. Kundi la Sanger liliitumia kusoma DNA ya virusi vya lambda, yenye besi 48,502, na kuichapisha mwaka 1982. Lakini kati ya elfu 48 na milioni 1.8 kuna umbali mkubwa, na wengi wa waliokuwa wakisoma DNA waliamini kwamba kwa ukubwa wa bakteria mbinu hiyo ingezama katika idadi ya vipande vyake yenyewe.

Smith alikutana na Craig Venter mwaka 1993 katika mkutano uliofanyika Bilbao, Hispania. Venter alikuwa ameanzisha mwaka mmoja kabla taasisi ya The Institute for Genomic Research, iliyojulikana kama TIGR, katika jimbo la Maryland, na watu wake walikuwa wamezoea kusoma maelfu kwa maelfu ya vipande vifupi vya jeni za binadamu na kuvipanga kwa kompyuta. Smith ndiye aliyependekeza kwamba nguvu hiyo ielekezwe kwa bakteria, na bakteria awe yule wa kwake. Sababu zake zilikuwa za kiufundi kabisa: ukubwa wa jenomu ulikuwa wa kawaida kwa bakteria, uwiano wa besi za G na C wa takriban asilimia 38 ulikaribia ule wa binadamu, na hapakuwa na ramani ya kloni zilizopangwa, yaani vipande vya DNA vilivyooteshwa ndani ya bakteria. Kukosekana kwa ramani, ambako mwingine angekuona kuwa kikwazo, kwake kulikuwa sharti la jaribio: kama mbinu ingefaulu, hakuna ambaye angeweza kudai kwamba imebebwa na ramani.

TIGR iliomba ruzuku kwa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, na ikakataliwa. Kwa maelezo ya Venter mwenyewe, kazi ilianza kwa fedha za taasisi bila kusubiri jibu, na jibu la kukataa lilifika wakati mradi ulikuwa umeshaelekea ukingoni.

Shaka iliyokuwa na msingi

Ni rahisi leo kuwacheka wapitiaji wa ombi lile, na sioni haki katika kufanya hivyo. Shaka yao ilikuwa juu ya marudio, yaani sehemu za DNA zinazofanana ambazo zimekaa zaidi ya mahali pamoja, na shaka hiyo ina nguvu ambayo mtu anaweza kuiona kwa kalamu na karatasi.

Chukua maneno "walisema haraka haraka haina baraka", yaandike bila nafasi kati yake, kisha yavunje katika vipande vya herufi sita sita, ukianzia kila mahali panapowezekana. Utapata "semaha", "haraka", "akahar", "akahai", "inabar", "baraka" na vinginevyo. Mtu asiyeijua methali akipewa vipande hivyo avipange, atagundua upesi kwamba "akahai" ndicho kinacholiunganisha "haraka" na "haina", na kwamba "akahar" kinaonyesha "haraka" moja ikifuatwa na nyingine. Lakini je, "haraka" zilikuwa mbili au tatu? Hakuna namna ya kujua. Sentensi yenye "haraka" tatu hutoa vipande vilevile vya herufi sita, bila kuongeza hata kimoja kipya. Tena herufi "araka" zimo katika "haraka" na zimo katika "baraka", na mpangaji asiye makini anaweza kuruka kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake na kuiacha "haina" ikielea peke yake. Kinachoiondoa shaka yote ni kipande kimoja kirefu tu, kinachoanzia ndani ya "walisema" na kuishia ndani ya "haina". Ama, kama hakuna awezaye kusoma urefu huo, inatosha kuwa na kipande kirefu ambacho ncha zake mbili zimesomwa na urefu wake unajulikana, hata kama katikati hapajasomwa.

Mambo mawili yaliyoiokoa mbinu mwaka 1995 yako katika mfano huo. La kwanza ni kwamba bakteria ana marudio machache. Kwa binadamu karibu nusu ya jenomu ni marudio ya namna moja au nyingine, ilhali kwa Haemophilus marudio makubwa ya kutisha yalikuwa hasa yale mafungu sita ya jeni za RNA ya ribosomu (ribosomu ndiyo inayotengeneza protini ndani ya chembe), kila fungu likiwa na urefu wa besi zaidi ya 5,000. La pili ni kwamba Smith na wenzake hawakutegemea vipande vifupi pekee. Walipanga tangu mwanzo kuwa na vipande vya ukubwa wa aina mbili, na kusoma ncha zote mbili za vingi kati yake.

Kazi ya mikono

Smith ndiye aliyeitengeneza maktaba ya vipande, yaani mkusanyo wa vipande vya DNA vilivyobebwa ndani ya bakteria, na ninaamini kwamba hapo ndipo mradi uliposhindwa au kufaulu, kabla mashine yoyote haijawashwa. Hesabu ya marisau ina sharti moja: kila sehemu ya jenomu iwe na nafasi sawa ya kuokotwa. Sharti hilo likivunjwa, hesabu yote hubatilika, na maabara ina njia nyingi za kulivunja bila mtu kujua.

Kwa hiyo DNA haikukatwa kwa kimeng'enya, kwa kuwa kimeng'enya huchagua mahali. Ilivunjwa kwa nguvu tu, ncha zake zikasawazishwa, ikatandazwa kwenye jeli, na vipande vya urefu wa besi 1,600 hadi 2,000 pekee vikakatwa na kuchukuliwa. Vilipounganishwa na plasmidi, yaani kile kiduara cha DNA kinachovibeba, mchanganyiko ulisafishwa tena kwenye jeli ili kuondoa plasmidi tupu na kuondoa zile zilizobeba vipande viwili vilivyoshikamana kwa bahati mbaya, maana kipande cha namna hiyo huiambia kompyuta kwamba sehemu mbili zilizo mbalimbali ni majirani. E. coli waliopandikizwa plasmidi hizo walikuwa wa aina iliyonyimwa uwezo wa kukata au kuchanganya DNA ngeni. Hatimaye likaja jambo dogo ambalo lingempita mtu asiyekuwa na uzoefu. Kwa desturi, bakteria waliopandikizwa hupewa kwanza muda wa kupumzika ndani ya mchuzi wa virutubisho, na katika muda huo wenye kukua upesi huzaana na kuwafunika wenye kukua polepole. Hapa hatua hiyo iliachwa, na bakteria wakamwagwa moja kwa moja kwenye sahani zenye dawa. Koloni iliyokua polepole kwa sababu ilibeba kipande kizito ilihesabiwa sawa na nyingine.

Usomaji ulifanywa kwa mashine za ABI 373, ambazo kila moja ilikuwa na jeli nyembamba iliyobanwa kati ya vioo viwili. Vipande vya DNA viliteremka ndani ya jeli hiyo, vifupi vikitangulia, na mwanga wa leza uliokuwa chini ukasoma rangi nne, moja kwa kila besi, kadiri zilivyopita. Watu 8 wakitumia wastani wa mashine 14 kwa siku walifanya sehemu kubwa ya usomaji kwa muda wa miezi 3. Jumla ya majaribio ya kusoma yalikuwa 28,643.

Hesabu ya kilichobaki

Ukiokota vipande bila mpango, mwanzoni karibu kila kipande ni kipya, lakini kadiri unavyoendelea unaokota zaidi na zaidi yale uliyokwisha kuyaona. Eric Lander na Michael Waterman walikuwa wameiandika hesabu ya jambo hili mwaka 1988. Ukisoma besi nyingi mara 5 ya ukubwa wa jenomu, sehemu isiyoguswa hata mara moja hutarajiwa kuwa kama asilimia 0.67, na kwa jenomu ya ukubwa huu hiyo ni besi elfu 12 hivi zilizotawanyika huku na huko. Ukifika mara 6 inabaki robo ya asilimia. Kila hatua inayofuata inagharimu vilevile na inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo swali la mtu mwenye bajeti linahusu mahali pa kuacha kuokota na kuanza kutafuta kwa makusudi, na kundi la TIGR liliacha lilipopita kidogo mara 6.

Programu iliyoandikwa kwa ajili ya kazi hii chini ya Granger Sutton, TIGR Assembler, ilipewa vipande 24,304 vyenye jumla ya besi 11,631,485. Ilitumia saa 30 za kazi ya kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, kiasi ambacho simu ya mkononi ya leo inakizidi mara nyingi. Ilipomaliza ilitoa vipande virefu 140. Na kwa kuwa kromosomu ni duara, vipande 140 maana yake ni mapengo 140.

Mapengo

Hapa ndipo ninapoona kipaji cha mradi. Mapengo yale hayakuwa ya aina moja, na watafiti walikuwa wamejiandaa kuyatofautisha.

Mapengo 98 yalikuwa mapengo ya kusoma tu. Kulikuwa na kloni ambayo ncha yake moja ilikuwa mwishoni mwa kipande kimoja na ncha ya pili mwanzoni mwa kipande kingine. Basi vipande hivyo ni majirani, umbali kati yao unajulikana kwa makadirio, na DNA inayokosekana imo ndani ya kloni hiyo, imelala kwenye friza ikisubiri. Kilichohitajika ni kuitoa, kutengeneza praima, yaani kipande kifupi cha DNA cha kuanzia kusoma, na kuendelea mbele hadi ng'ambo. Ni kazi ya subira isiyohitaji kubahatisha. Iliwezekana kwa sababu mtu alikuwa ameamua miezi mingi nyuma kwamba ncha za pili za kloni nyingi zisomwe, ingawa kusoma ncha ya pili kulionekana kama kurudia gharama.

Mapengo 42 yalikuwa magumu. Hayo hayakuwa na kloni ya kuyavuka. DNA yake haikuwamo kwenye maktaba, pengine kwa bahati tu, na pengine kwa sababu kipande fulani kikiwa ndani ya plasmidi yenye nakala nyingi humdhuru E. coli anayekibeba, naye hufa kabla hajaonekana. Mapengo 42 yana ncha 84, na majozi yanayowezekana kati ya ncha 84 ni 3,486. Kujaribu yote kwa PCR, mbinu ya kunakili mara nyingi DNA iliyo kati ya ncha mbili, moja baada ya jingine, kungekuwa kuchosha watu na kumaliza fedha. Ilibidi kwanza kuwe na dalili za nani ni jirani wa nani.

Dalili hizo zilitafutwa kwa njia kadhaa zilizosaidiana. Wakati mwingine ncha ya kipande kimoja ilifanana na nusu ya kwanza ya protini fulani inayojulikana kwa kiumbe kingine, na ncha ya kipande kingine ikafanana na nusu ya pili ya protini hiyohiyo. Hapo pengo lilikuwa limeikata jeni katikati, na jeni yenyewe ikawa shahidi. Njia nyingine ilikuwa kuikata DNA nzima ya bakteria kwa vimeng'enya mbalimbali, kuitandaza kwenye jeli, kuihamishia kwenye utando wa nailoni, kisha kuuchovya utando katika vijipande vilivyotengenezwa kutokana na kila ncha. Ncha mbili zikinasa kwenye kipande chenye ukubwa uleule, si kwa kimeng'enya kimoja tu bali kwa kila kimoja kati ya kadhaa, kuna sababu nzuri ya kuziita jirani. Lakini msaada mkubwa ulitoka kwenye maktaba ya pili, ya vipande vya besi 15,000 hadi 20,000 vilivyobebwa na virusi vya lambda badala ya plasmidi. Kipande kilichomuua E. coli kikiwa kwenye plasmidi kiliweza kubebwa na lambda, na urefu wake uliweza kuruka juu ya fungu zima la jeni za RNA ya ribosomu na kushika pande zote mbili mahali pasipojirudia. Ndicho kile kipande kirefu cha "walisema" hadi "haina". Kwa njia hiyo mafungu sita yanayofanana yaliwekwa kila moja mahali pake.

Jirani walipojulikana, PCR ilitumika kuitoa DNA iliyokosekana moja kwa moja kutoka kwenye kromosomu, ikasomwa, na pengo likafungwa. Mwishoni kulikuwa na shahidi wa nje: ramani ya sehemu chache ambapo vimeng'enya vya ApaI, SmaI na RsrII huikata kromosomu ya Rd, iliyokuwa imetengenezwa na watu wengine kwa njia nyingine. Duara lililotoka kwenye kompyuta lililinganishwa nayo, na vikakubaliana.

Gharama ilihesabiwa kuwa senti 48 za dola kwa kila besi iliyokamilika, ambayo kwa jenomu yote ni chini kidogo ya dola 900,000. Makosa yalikadiriwa kuwa besi 1 katika kila 5,000 hadi 10,000.

Kilichoonekana duara lilipofunga

Jenomu iliyofungwa inampa mtafiti haki ambayo rundo la vipande haliwezi kumpa: haki ya kusema kwamba kitu fulani hakipo. Kundi liliorodhesha jeni 1,743 zinazotarajiwa kutengeneza protini. Katika orodha hiyo hazikuonekana jeni za vimeng'enya vitatu vya mzunguko wa asidi ya sitriki, mfululizo wa hatua ambazo chembe hutumia kupata nishati, na jambo hilo lilieleza kwa nini bakteria huyu hudai glutameti nyingi sana anapooteshwa kwenye virutubisho vilivyopimwa. Vilevile jeni 8 za vinyweleo ambavyo aina ya b hutumia kujishikiza kwenye mwili wa mtu hazikuwamo kwa Rd. Kama duara lingekuwa na mapengo, msomaji yeyote angejibu kwamba jeni hizo huenda zimo ndani ya pengo, na hoja ingeishia hapo. Sijui namna bora zaidi ya kueleza kwa nini kazi ya kuziba mapengo ilistahili gharama yake.

Jambo jingine lililoonekana ni mfuatano wa besi tisa, AAGTGCGGT, ambao bakteria huutumia kutambua DNA ya jamaa zake anapoiokota kutoka nje. Ulipatikana mara 1,465 katika jenomu. Nchini Uingereza kundi la Richard Moxon la Oxford liliichukua jenomu hiyo na kuipekua kwa kompyuta likitafuta marudio mafupi ya besi nne nne, ambayo huziwasha na kuzizima jeni kwa bahati, na mwaka 1996 likatangaza jeni mpya zinazohusika na ukali wa ugonjwa. Hao walianza na faili badala ya koloni, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma halikuwezekana kwa bakteria yeyote.

Jeni 736 kati ya zile 1,743 hazikupewa kazi yoyote. Kati ya hizo, 389 hazikufanana na kitu chochote kilichokuwamo katika hazina za data za wakati huo.

Mbinu ilikofika, na mapengo yaliporudi

Ndani ya mwaka uleule wa 1995 TIGR ilichapisha jenomu ya Mycoplasma genitalium, yenye besi 580,070, kwa mbinu ileile. E. coli ya maabara ilikamilishwa mwaka 1997 na kundi la Frederick Blattner la Wisconsin. Bakteria wa kifua kikuu alifuata mwaka 1998, na wa kipindupindu mwaka 2000. Mjadala wa kama mbinu ifae kwa binadamu ulipoanza mwaka 1997, hoja ilikuwa ileile ya marudio, na safari hii walioitilia shaka walikuwa na msingi imara zaidi. Nadhani hilo ndilo fundisho la haki kwa jopo la NIH: walikosea kuhusu bakteria kwa kutumia hoja ambayo kwa jenomu nyingine ilikuwa sahihi, na kosa lao lilikuwa kutouliza ni marudio mangapi na yana urefu gani katika kiumbe kilichokuwa mezani.

Kuanzia mwaka 2005 zilikuja mashine zinazosoma vipande vingi mno kwa bei ndogo mno, lakini vifupi: mwanzoni besi mia moja hivi, au pungufu. Bei ilipoanguka, watu waliacha kuziba mapengo. Ilikuwa nafuu kusoma bakteria mia moja nusunusu kuliko kumfunga mmoja, na hazina za data zikajaa jenomu za rasimu zilizokatika vipande makumi au mamia. Kwa kazi nyingi rasimu inatosha. Kwa kazi moja ambayo kwetu ni nyeti, ya kufuatilia usugu wa dawa, mara nyingi haitoshi, kwa sababu jeni za usugu hupenda kukaa kando ya vipande vya DNA vinavyorukaruka na kujirudia, na rasimu hukatika hapohapo. Mtafiti anaona jeni ipo, lakini hawezi kusema kama iko kwenye kromosomu au kwenye plasmidi inayoweza kuhamia kwa bakteria mwingine kesho, na daktari wa wodi anayemuuliza anahitaji hasa jibu hilo.

Dawa ya tatizo ilikuwa ileile ya Smith, kipande kirefu kuliko rudio, isipokuwa sasa kipande hicho kinasomwa chote badala ya ncha zake tu. Kwa bakteria walio wengi rudio refu kuliko yote ni lile fungu la jeni za RNA ya ribosomu, la besi 5,000 hadi 7,000. Mashine inayosoma zaidi ya hapo kwa mfululizo huweza kuufunga mduara bila maktaba ya lambda na bila nailoni. Mwaka 2013 mbinu ya kupanga vipande virefu vya mashine za PacBio ilionyesha kwamba bakteria anaweza kukamilishwa kwa maktaba moja tu, na mwaka 2015 Nicholas Loman, Joshua Quick na Jared Simpson waliisoma jenomu ya E. coli, besi milioni 4.6, kwa kifaa kidogo cha nanopore, kinachosoma DNA ikipita katika tundu dogo mno, kinachotoshea kiganjani, na kompyuta ikawarudishia kipande kimoja. Pengo halikubaki hata moja. Lakini usahihi ulikuwa asilimia 99.5, na kwa ukubwa ule hiyo ni makosa yapatayo elfu 23, mengi yakiwa mahali ambapo besi moja imejirudia mfululizo na kifaa kikapoteza hesabu. Ilhali duara la mwaka 1995, kwa makadirio ya waliolitengeneza, lilikuwa na makosa yasiyozidi 370 hivi. Ndiyo maana kwa miaka iliyofuata maabara nyingi zilizohitaji jenomu kamili ya bakteria zilimsoma mara mbili: kwa vipande virefu ili kulifunga duara, kisha kwa vipande vifupi ili kuzisahihisha besi zake.